Injini Haijafa, Shemeji

Jumatatu, 10 Februari

Leo tena. Nimepeleka keki Upanga, salama, haikupinda hata ua moja. Kurudi, gari likazima kwenye taa za barabarani pale Fire. Asubuhi linawaka vizuri tu. Likishapata moto halitaki. Nyuma watu wanapiga honi, utadhani honi ndiyo inayowasha magari. Nikakaa. Sikugeuka. Lilipowaka likatema moshi mweusi mpaka dereva wa bajaji akajifunika uso kwa kofia: "Mama, umebeba mkaa?"

Nilishangaa kwamba nilicheka.

Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka siku nyingi sasa. Mafuta linakunywa kama lina mimba. Nimempigia Salum huko Mtwara kazini kwake. Kasema atamwambia kaka yake aje na fundi. Mimi sikuomba kaka yake. Nilitaka mume wangu anisikilize tu.

Jumanne, 11 Februari

Shemeji Hamza kaja na fundi wake kutoka Buguruni. Fundi kasikiliza injini kwa kichwa kilichoinama, kama daktari aliyeacha foleni nje. Hakuchomoa hata stiki ya oili. "Imekufa hii. Ringi za pistoni zimekwisha. Ununue injini nyingine au uliuze hivihivi."

Shemeji kasikitika upesi mno. Tena mteja anaye tayari. Atakuja Jumamosi. Mteja amepatikana kabla ya ugonjwa kujulikana. Nimeliona hilo, nimewaletea chai.

Tukampigia Salum. Kamsikiliza kaka yake mpaka mwisho, kama kawaida. Kisha akasema: kama ni bovu mpaka Jumamosi, kaka aliondoe. Likipona, libaki. Nikajifanya mtandao mbaya. Nikaweka spika nikamwambia rudia mume wangu, sijasikia. Akarudia. Shemeji akasikia naye.

Wakiniondolea gari wameniondolea kazi. Bodaboda anabeba jeneza, kitanda na mbuzi, lakini keki ya ghorofa tatu haibebi. Na hii ni Shaaban, watu wote wanaoana kabla ya mfungo. Nina keki ya harusi Ilala Jumamosi hiyohiyo.

Ninachokijua mimi: moshi wa ringi ni wa bluu, na oili hupungua. Wangu mweusi, unanuka petroli, na oili iko palepale. Hakuna aliyenifundisha. Gereji wenzangu hukaa kwenye kiti cha plastiki wakaangalia simu. Mimi husimama. Mafundi hudhani naogopa kuibiwa vifaa. Ni kweli naogopa. Lakini pia naangalia.

Sikubali.

Jumatano, 12 Februari

Gerezani, ule mtaa wa magereji siyo jela, asubuhi na mapema, kabla gari halijapata sababu ya kugoma. Kuna Fundi Chande pale, fundi umeme wa magari, ana mashine ya kupimia. Mcheshi, mchafu, ananiita Mama Keki kwa sababu huja kwangu kununua keki na kuondoka na boksi.

Kachomeka mashine chini ya usukani. Gari limetoka kutembea, limesimama juani, Februari, Dar es Salaam. Mashine inasema maji ya injini ni baridi ya barafu.

"Mama Keki, gari lako liko Ulaya!"

Ni sensa ya joto. Kidude cha shaba, kidogo kuliko kidole gumba, kimechomekwa kwenye injini mahali maji yanapopita. Kazi yake kuiambia kompyuta maji yana moto kiasi gani. Hiki kimeharibika, kinasema baridi, baridi, baridi. Kompyuta inaamini, inamwaga petroli ili kuipasha moto injini ambayo tayari inaungua. Ndiyo moshi. Ndiyo kugoma likiwa la moto, plagi zimelowa. Injini haijafa. Inadanganywa. Hiyo naielewa, nimeolewa kwenye ukoo mkubwa.

Chande alitaka kuifungua palepale. Nikamwambia maji bado yanachemka. "Mimi nimezoea." Nikamwambia mimi sijazoea kukuona unalia. Tukasubiri ipoe. Alinuna, akala muhogo, ikapoa.

Ilitoka imevaa ganda jeupe, kama ndani ya birika langu. Chumvi. Magomeni nzima tunajaza rejeta maji ya kisima. Maji ambayo hayatoi povu la sabuni, ndiyo tunayoipa injini inywe. Chande kaziba tundu, gari limelala kwake. Sensa mpya hana. Mimi nimerudi nyumbani na ile mbovu kwenye leso, ndiyo sampo. Kariakoo ukienda bila sampo watakuuzia hata saiti mira.

Alhamisi, 13 Februari

Kariakoo. Winga wa kwanza, hawa wanaovuta wateja madukani, kanidaka Msimbazi, hata mkoba sijaufungua. "Njoo mama, tunayo." Tunayo nini, hajui. Nikamwambia natafuta sensa ya joto la godoro. "Ipo mama. Unataka nyeusi au ya kijani?" Nikamtakia kazi njema. Winga wa pili nilimuuliza hilohilo, akasema hicho kitu mama sikijui. Huyo ndiye niliyemfuata.

Duka la kwanza walinipa ya waya mmoja. Ile ni ya mshale wa dashibodi, siyo ya kompyuta. Yangu ina pini mbili. Muuzaji: "Inaingia hiyo, fundi atalazimisha." Neno hilo limeua magari mengi kuliko mashimo.

Duka la pili walikuwa nayo, pini mbili, uzi sawa, imetoka kwenye injini ya mtumba. "Original hiyo, mama." Original ilikuwa hata yangu, nikamwambia. Nikaomba mita yake ya umeme. Kisha nikaomba chai yake. Ilikuwa ya rangi, ya moto bado. Nikachovya sensa mbovu kwenye kikombe, namba kwenye mita haikutikisika. Nikachovya ile ya dukani, namba ikaanza kushuka taratibu, inavyotakiwa sensa ikipata moto. Mwenye duka ananitazama kama nimechovya mguu. "Na chai yangu je, dada?" Winga alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Nimenunua sensa, nimenunua na chai.

Mchana Chande kaifunga. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilishapanga hata maneno ya kumwambia shemeji.

Tukawasha. Moshi mweusi. Umepungua, lakini upo. Mashine inasema injini ni vuguvugu, na tumeiacha inaunguruma muda mrefu. Chande kakuna kichwa: "Basi na hii imekufa."

Haijafa. Nimeichovya mwenyewe.

Shemeji katuma ujumbe: mteja anakuja Jumamosi saa nne, niandae kadi ya gari. Nimekasirika, nimepiga mayai ya keki kwa mkono na mashine ipo.

Ijumaa, 14 Februari

Nimewahi kabla Chande hajafungua. Alipofika nikamwambia awashe likiwa baridi kabisa, mimi nikashika bomba la juu la rejeta. Likaanza kupata joto wakati uleule na injini. Haitakiwi. Maji hutakiwa kuzuiwa kwanza ndani mpaka injini iive, ndipo yaruhusiwe kwenda kupozwa. Kuna mlango wa kazi hiyo, unajifungua wenyewe kwa joto. Themostati.

Nikauliza: humu themostati ipo?

Gereji nzima ikacheka. Hata aliyekuwa chini ya lori alicheka, nilisikia. "Mama, themostati ya nini Bongo? Hiyo ya nchi za theluji!"

Hapo nikaelewa. Hapa mjini gari likitoka bandarini tu, fundi wa kwanza anatoa themostati anaitupa, anaunga feni moja kwa moja izunguke muda wote. Ndiyo heshima ya kwanza tunayolipa gari. Hakuna anayeuliza, hakuna anayeandika. Langu nalo walilifanyia. Feni haijawahi kupumzika tangu nilijue. Kwa hiyo sensa ya zamani ilikuwa inadanganya kwamba injini ni baridi, na mpya inasema kweli kwamba injini haijaiva. Zote mbili zinaishia kuifanya kompyuta imwage petroli.

Nikamwambia Chande rudisha themostati, na feni irudi kwenye waya zake.

"Likichemka barabarani usinilaumu."

"Sitakulaumu. Nitakuletea hapa likiwa linachemka."

Kabla ya swala nimeipata, duka lilelile la chai. Mwenyewe aliponiona akakisogeza kikombe mbali. Baada ya swala Chande kaifunga, tumemwaga maji yote yenye kutu, tumejaza kulanti ya dukani, maji ya rejeta yasiyo na chumvi. Kawasha. Mshale ukapanda mpaka katikati ukatulia. Feni kimya. Mafundi wote wamesimama wanaitazama kama watu wanaotafuta mwezi. Mmoja kasema linachemka hilo, zima, zima. Nikasema asiguse mtu.

Feni ikajiwasha. Ikazunguka. Ikazima yenyewe.

Nyuma hakuna moshi. Nikazima gari likiwa la moto, nikawasha. Likawaka. Nikazima, nikawasha. Tena. Tena. "Mama Keki, utaua stata sasa!"

Jumamosi, 15 Februari

Shemeji kafika na mteja saa aliyosema. Nikamwamkia. "Marahaba. Funguo iko wapi?" Nikampa. Kawasha kwa uso wa mtu anayefunua maiti. Likawaka kimya. Mteja kaweka leso kwenye ekzosi, kaitazama, nyeupe.

"Hamza, hili ndilo ulilosema mkweche?"

Nilifikiri nimeshinda. Kumbe nimeharibu. Gari zima lina wateja wengi kuliko gari bovu. Mteja kalipenda zaidi, kapandisha dau hapohapo, na shemeji macho yakang'aa: hapo sasa ndiyo bei, tena Salum atafurahi. Kashika kadi ya gari mezani kwangu, kando ya boksi la keki. Sikugombana. Nikampigia Salum, nikaweka spika, nikasema neno moja: "Limepona."

Salum hajawahi kumkatalia kaka yake kitu, tangu utoto. Nilikuwa najua hilo vizuri kuliko mshale wa joto. Niliogopa.

"Kaka, nilisema likipona libaki."

"Wewe ni mwanaume gani, unaongea kwa mdomo wa mkeo?"

"Mdomo wangu huu, kaka. Libaki. Ndiyo kazi ya mke wangu."

Huyo mke wake kajikausha, hakulia. Kadi nikaichukua taratibu mkononi mwa shemeji, kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Nilikuwa nakwenda Ilala na keki, nikawaambia nitawasogeza Buguruni. Mteja kapanda bila kusita. Shemeji kakataa, jua likampiga kidogo, naye akapanda. Boksi la ghorofa ya juu nikampa alipakate mbele. Kalishika vizuri mno. Njia nzima, kwenye matuta, akawa analiinua. Kilinijia kicheko, na huruma kidogo. Alishamwahidi mtu mbele za watu.

Keki imefika wima.

Jumapili, 16 Februari

Salum kapiga. Kaka yake hapokei simu yake tangu jana. Sauti yake ndogo. Nikamwambia ahsante, akasema ya nini. Nikamwambia unajua. Tukakaa kwenye simu, kila mmoja na kelele za kwake.

Nimeliosha gari mwenyewe. Limepoa, limetulia chini ya ukuta.

Kuna watu wa Sinza wanataka keki Jumanne. Ghorofa mbili. Wameuliza nani ataleta. Nimewaambia naleta mwenyewe. Nimepima unga.