Kiti cha Kushoto

Mpendwa mke wangu, Mama Yohana,

Kabati limepatikana. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu ili uulize. Lipo Shelui, nyuma ya gereji ya malori, limeegemea ukuta kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina. Mwenye gereji anataka jibu langu kabla ya wiki hii kwisha: nalinunua au silinunui.

Barua hii itasomwa na wengine pia, maana uliko hakuna posta, na nimeona heri maneno yapite mikononi mwa watu kuliko yabaki nami humu ndani. Kwa hiyo nivumilie niwaeleze wasiolijua. Kabati lilikuwa gari letu. Ni gari dogo la rangi ya maziwa, mwili wake wa nyuma ni wa mbao, na milango miwili ya nyuma inafunguka kama ya kabati la vyombo. Watoto wa Ihanja ndio waliolipa jina hilo. Lilikuwa la masista wa hospitali uliyokuwa ukiuguzia. Wao ndio waliokufundisha kuliendesha, na walipopata jipya wakatuuzia sisi hilo kuukuu. Tukaishi nalo mpaka injini ilipokataa kabisa na vipuri vikakosekana. Akalichukua mfanyabiashara wa asali wa huko Rungwa, na hatukulisikia tena.

Sasa fundi Hamisi, mwenye gereji hiyo ya Shelui, amenitumia picha yake kwenye simu. Anasema hajaona jingine la namna hiyo nchini, ila moja lililoko Arusha kwa kijana anayekusanya magari ya zamani. Kijana huyo analitaka Kabati. Hataki kuliendesha. Anataka kulivunja apate vya kumalizia la kwake. Nikisema hapana, Kabati litakatwa na kupakiwa kwenye lori vipandevipande.

Nikisema ndiyo, nitawauza ng'ombe waliobaki, wale ambao Yohana wetu amewaweka akilini kwa ajili ya siku ya kunizika, ingawa hasemi. Nilimpigia kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, mtoto wako ana adabu, kisha akashusha pumzi.

"Baba, gari bovu la nini? Huna leseni. Maisha yako yote hujawahi kushika usukani. Atakuendesha nani?"

"Nimekuuliza maoni tu."

"Maoni yangu ni uje Dodoma. Chumba kipo, wajukuu wapo. Hapo Ihanja unaongea na nani?"

Nikamwambia nitafikiria. Naongea nawe, lakini hilo huwezi kumwambia mtoto kwenye simu. Asubuhi bado naweka majani ya chai ya watu wawili kwenye sufuria. Mkono umezoea, na mimi huwa nagundua tu ninapomimina na chai ikabaki. Redio naiwasha taarifa ya habari ikianza na kuizima ikiisha, kama tulivyokuwa tukifanya, ingawa siku hizi hakuna wa kubishana naye juu ya habari hizo. Jirani huniletea ugali na mboga, ananiamkia shikamoo, anasubiri niseme marahaba, anaondoka. Siku nyingine marahaba hiyo ndilo neno pekee ninalolitamka kwa sauti hadi jioni.

Daktari wa mjini amesema moyo wangu umechoka. Alisema kwa upole: nisibebe ndoo, nisipande mlima, na nisipange mambo ya mbali sana. Nimekuwa mwalimu muda wa kutosha kujua mtu anapokwepa kutamka neno. Ndiyo maana nakuandikia leo. Kuna jambo sijawahi kukuambia, na sitaki nilibebe hadi ulipo wewe kama mzigo wa kushtukiza.

Yohana anakosea, na kosa hilo nililipanda mimi. Ninajua kuendesha gari. Nilijua kabla sijakufahamu. Nilifundishwa kambini, kwenye mafunzo ya jeshi, na nikaendesha lori la mchanga na kokoto mpaka mikono ikaota sugu. Leseni nilikuwa nayo. Niliiacha ife.

Unakumbuka siku ile ya kwanza. Nilikuwa mwalimu mgeni, nimeshushwa barabarani na sanduku la vitabu, mvua inanyesha na lori lililokuwa likinileta limekwama korongoni. Ukatokea na Kabati, umevaa sare yako ya uuguzi, kitambaa kimefungwa kichwani kwa haraka.

"Mwalimu wa jiografia ndiye wewe? Panda. Lakini kwanza kung'uta viatu."

Nikakung'uta. Nikakaa. Ukaniuliza, "Unajua kuendesha?" Nadhani uliuliza tu kwa ajili ya kuzungumza. Nikakutazama jinsi ulivyoshika ule usukani, ulimi umeubana kwenye kona ya meno, macho yako kwenye tope kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Nikajua nikisema ndiyo, siku moja utasema, basi shika wewe. Na mimi nikishika, nitatazama barabara.

"Sijui, dada," nikasema.

"Basi tulia hapo, usiguse kitu."

Nilitulia hapo maisha yangu yote.

Watu hawakutuacha salama. Mwanamume anaendeshwa na mkewe, tena msomi. Kwa Ihanja ya wakati ule ilikuwa burudani ya bure. Siku moja tulipita karibu na kilabu cha pombe ya mtama, na bwana mmoja, nisimtaje maana wajukuu zake wapo, akapaza sauti: "Mwalimu, ukifika nyumbani anakubeba na mgongoni?" Wenzake wakacheka mpaka vibuyu vikamwagika. Mimi nilitaka uongeze mwendo. Wewe ukasimamisha gari, ukatoa kichwa nje.

"Shemeji, wa kwangu nambeba akiwa mzima. Wewe mkeo anakubeba jioni ukiwa umeloa. Nani ana kazi?"

Walicheka zaidi, safari hii wakimcheka yeye. Ukatia gia ukaondoka taratibu, kidevu juu. Nilitaka kukuambia siku ile. Ningeweza kusema, mama, nakuongopea, najua gari, nanyamaza kwa sababu nakupenda ukiwa hapo. Nikaona haya. Mtu akikaa na uongo mdogo kwa muda mrefu, kuutoa kunakuwa kazi kubwa kuliko uongo wenyewe.

Nilijiapiza jambo moja: ukiugua njiani, nitashika usukani papo hapo. Hukuugua njiani hata mara moja. Yohana alizaliwa ukiwa kazini, wodini kwako mwenyewe, na mimi niliitwa nije kumwona nikaja kwa baiskeli.

Jumamosi ndizo ninazozikumbuka zaidi, zile za kwenda kuchanja watoto vijijini. Nilikuwa nakupakatia kasha la chanjo magotini, lisitikiswe. Alizeti zilikuwa zimechanua pande zote mbili za njia. Nyumbani ulikuwa mtu wa maneno machache, na ukikasirika uligeukia Kinyaturu na hapo hata machache hayo yalipungua. Ndani ya Kabati ulikuwa mtu mwingine. Uliniambia habari za mama yako, habari za mtoto wetu wa kwanza ambaye hakukaa, hofu zako za usiku wa zamu. Ulisema ukiwa umetazama mbele, kana kwamba unaiambia barabara, na mimi nilijibu kidogo, nikiogopa kukukumbusha kwamba nipo.

Mara mojamoja ulinitania. "Baba Yohana, huo mguu wako wa kushoto una shughuli kuliko mimi." Nikadhani unaniona mwoga. Nikajibu kwamba barabara ni mbaya. Ukatabasamu, ukatia gia.

Mwisho wake unaujua. Kabati lilishaondoka ulipoanza kuugua, na tulikwenda hospitali ya mkoa kwa gari la wagonjwa, sote wawili abiria. Ulilala na blanketi hadi kifuani, nimekushika mkono, na kijana aliyekuwa anaendesha aliziparuza gia kama anasaga mahindi. Ukafumbua macho. "Mwambie akanyage mpaka chini," ukaninong'oneza. Nikatazama miguu yako. Chini ya blanketi, kila kijana alipobadili gia, mguu wako wa kushoto ulikuwa unabonyeza. Hukuwa na nguvu za kushika kikombe, lakini mguu ulikuwa kazini. Nilicheka, nawe ukacheka, na hicho ndicho kicheko chetu cha mwisho. Sikufikiria lolote zaidi.

Basi juzi nikaenda Shelui. Sikumwambia Yohana, wala daktari. Fundi Hamisi alinipokea kwa heshima, akanipa kigoda kivulini, akaanza kunisomea ugonjwa wa gari.

"Mzee, nikudanganye mtu mzima kama wewe? Hili si la mwezi mmoja. Injini ishuke yote. Mbao za nyuma mchwa wamekula, zichongwe upya. Nyaya panya wamemaliza. Vipuri nitavitafuta kama mtu anayetafuta mchumba."

"Mpaka lini?"

"Tukijaliwa, mwakani wakati wa mavuno litakuwa barabarani."

Nikaitikia kwa kichwa. Mwakani wakati wa mavuno. Nilianza kumwambia kwamba basi, mpe kijana wa Arusha, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaomba kwanza nikae ndani mara moja, niage. Nikazunguka kwa fimbo yangu hadi mlango ninaoujua.

"Mzee, usukani uko upande huu," fundi akasema.

"Najua uliko."

Akanisaidia kuingia. Bado linanuka asali na moshi wa yule bwana wa Rungwa, na chini ya harufu hiyo, au ni uzee wangu, dawa ya kusafishia vidonda. Kiti chako kimechanika, majani yanachungulia. Nilikaa nikikitazama. Fundi akawa anaendelea kunionyesha kupitia dirishani, dashibodi hii, kioo kile, kisha akaelekeza kidole miguuni pangu.

"Hilo zulia la mpira nalo tutatupa, limeshonwashonwa."

Nikatazama chini. Mama Yohana, miaka yote ile nilikuwa nakutazama wewe, sikuwahi kutazama chini.

Upande wangu, pale mguu wa kushoto unapokaa, mpira ulikuwa umelika ukatoboka. Si pale mtu anapopumzisha mguu. Mbele zaidi, mahali ambapo kwenye upande wako kuna klachi. Nilikuwa nimeikanyaga klachi isiyokuwepo, kila ulipobadili gia, mpaka nikatoboa zulia la gari. Na juu ya tundu hilo kulikuwa na kiraka cha kandambili, kimekatwa mviringo vizuri, kimeshonwa pembezoni kwa uzi mweusi wa hospitali, ule wa kushonea watu. Mishono midogo, imeachana sawasawa, kila mmoja umefungwa fundo lake peke yake. Huo mkono naujua. Nina kovu lake kwenye goti.

Ulijua. Ulikuwa unalisafisha gari hilo kila Ijumaa, ulilitandua zulia, ukalifuta. Uliona tundu, na dereva anajua tundu la namna hiyo linatoka wapi. Ungeweza kuniuliza. Ungeweza kunipa usukani siku yoyote uliyokuwa umechoka, na nilikuona umechoka. Badala yake ulichukua sindano, ukanishonea pa kukanyaga, ukarudi kwenye kiti chako.

Nililia mbele ya fundi, na sioni aibu kuliandika. Maskini alidhani ni huzuni ya gari. "Mzee, pole, mbao zinapatikana," akawa anasema.

Tangu hapo najiuliza ulijua lini, na kwa nini ulinyamaza. Nakaa na chai ya watu wawili nikilipima swali hilo, na hakuna wa kunijibu. Nadhani uliupenda usukani wako. Nadhani pia ulipenda kutazamwa. Hicho ndicho nilichotaka kukukiri, nami nimekuta umeshakipokea zamani, umekiwekea kiraka. Upweke wangu haukupungua kwa kulijua hilo. Umeongezeka, maana sasa najua ni mtu wa namna gani ambaye hayupo.

Jana nimempigia fundi Hamisi. Ng'ombe wataondoka mnadani, na Yohana nitamweleza mwenyewe, yote, pamoja na habari ya lori la kokoto. Atanizika kwa alichonacho. Ni mtoto mwema. Fundi akafurahi, akasema kesho anaanza kushusha injini.

"Acha injini," nikamwambia. "Anza na kiti cha kushoto."

"Mzee, kiti ni cha mwisho. Injini kwanza."

"Hamisi, nakulipa mimi. Kiti cha kushoto, halafu cha kulia. Mlango wa kulia ufunguke vizuri, usikwame. Zulia usiliguse. Hayo mengine fanya kwa mpangilio wako, hata mwakani."

Nadhani alielewa jambo, maana hakubishana tena. Akasema viti havitachukua muda mrefu, na kwamba akivimaliza atalivuta Kabati hadi Ihanja nilione, kisha atalirudisha gereji.

Kwa hiyo litasimama hapa uani, injini yake ikiwa bado mbovu, limetazama barabara. Nitakaa mahali pangu, nitaweka mguu juu ya kiraka chako. Wewe upande wako unaujua. Ukifika usiulize kama najua kuendesha.

Nakuacha kwa leo, mkono umechoka.

Abiria wako,
Baba Yohana