Nimeifungua Kabureta Uliyoifunga

Baba,

Arobaini yako imepita. Msalaba umewekwa, ndugu wa kijijini wamerudi kwao, na mama ameanza kula. Ningekuandikia mapema, ila sikuwa na cha kukuambia zaidi ya kulia, na wewe kilio hukukitaka karakanani. Leo ninacho. Naandika huku nikiinuka kila mara, kwa hiyo usinigombeze kwa mwandiko.

Pikipiki ya Baba Deo inavuja tena.

Nianzie Alhamisi. Mume wangu alirudi kutoka bondeni alikokwenda kuchanja ng'ombe, akaketi mezani, na harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Mguu wa kulia wa suruali ulikuwa umelowa petroli kutoka gotini mpaka kwenye soksi. Sigara ilikuwa imekaa juu ya sikio, na mkono unapapasa mfuko kutafuta kiberiti. Sikupiga kelele. Nilimpokonya kile kiberiti kama ninavyompokonya Deo kisu, nikakitupa nje. Akacheka. "Mama Deo, hayo mafuta kidogo ni kwa sababu ya njia mbaya. Kabureta kaifunga mzee mwenyewe."

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na mpaka leo haijatoka. Si hofu ya moto peke yake, Baba, na wewe unajua.

Huko Katandala, ilipo karakana yako, kazi yako haikosolewi. Ulikuwa ukimaliza unatia tone la rangi nyekundu juu ya skrubu, na tangu nina akili sijaona fundi mwingine wa mji huu akaigusa skrubu yenye rangi yako. Akiletewa, anasema mrudishieni mwenyewe. Nawe hukuwahi kufungua kazi ambayo mwenzako ametia alama yake. Ndiyo heshima yenu mafundi, na mimi nimekulia humo. Sasa mwenyewe arudishiwe wapi? Makaburini?

Halafu kuna siku ile. Hatukuizungumza, nilidhani tutaizungumza kifua chako kikipona. Kile kiboya cha shaba kinachoelea ndani ya kabureta hii ya Baba Deo kilikuwa kimetoboka. Kinajaa petroli, kinazama, hakuna cha kuisukuma sindano izibe tundu, mafuta yanafurika. Kipya hakikuwepo Sumbawanga wala Mbeya, na barua ya ofisi yake ya kuomba vipuri ilikuwa bado inazunguka huko juu. Ukasema tutakilehemu. Karakana ilijaa watu, wengi walikuja tu kukujulia hali. Uliinama mpaka pua ikakaribia kuungua, na mimi nikaona risasi ya kulehemia ikidondoka mara mbili, mara tatu, pahali palipotaka tone moja. Ukaniuliza, "Yusta, imekaa?" Nikajibu imekaa, Baba.

Nilijua macho yako yameingia ukungu. Nilijua tangu ulipoanza kunipa mimi nyaya nyembamba nikuingizie kwenye matundu yake, ukijidai umechoka. Lakini ningesemaje mbele ya wale watu kwamba mjukuu wa wahunzi haoni risasi mkononi mwake? Nikanyamaza. Ukatia rangi yako, nayo ikaangukia pembeni ya skrubu. Wiki mbili baadaye tukakuzika.

Leo asubuhi Baba Deo alitakiwa aende upande wa Namanyere. Ng'ombe wanakufa kwenye kijiji kipya, kile ambacho watu wamehamishiwa na mifugo yao yote. Nikamwambia haondoki mpaka niiangalie. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Utafungua kazi ya baba yako?" Nikamwambia aende akanywe chai na mama.

Niliisukuma mpaka nyuma ya nyumba yetu hapa Izia, mbali na jiko, nikaacha injini ipoe, maana alikuwa ameshaiwasha. Nikafanya ulivyonifundisha, maana ulisema uvujaji hauwindwi kwa kubahatisha. Nikafunga koki ya tangi, nikaifuta kabureta yote kwa kitambaa mpaka ikakauka, nikafungua koki na kuchuchumaa kuona unyevu utaanzia wapi. Mpira wa mafuta, mkavu. Gasketi uliyoikata kwenye jalada la daftari la Deo, kavu. Kisha tone likatokea kwenye kijibomba cha chini, kile cha kutolea mafuta yaliyozidi, na jingine, na jingine, yote yakitua juu ya injini. Petroli yenyewe ya mgawo, haipatikani bila kibali. Nilikuwa nimemwomba Mungu iwe gasketi, isiwe kiboya.

Sijawahi kuogopa skrubu, Baba. Leo niliikalia na bisibisi kando ya ile rangi, jasho linanitoka na baridi yetu hii ya Ufipa. Nikasema unisamehe, nikazungusha.

Sindano niliikuta nzima. Nilipuliza kwenye njia ya mafuta huku nimekiinua kiboya, pumzi haikupita. Kiboya nilikitikisa sikioni, ndani hamkuwa na kitu. Nilikizamisha kwenye maji ya moto, hakikutoa hata kiputo kimoja. Ulikiziba vizuri, hilo nakushuhudia. Lakini lile donge lilikuwa kubwa kama punje ya hindi, na nilipokiweka kwenye kopo la petroli kiliinama upande kama mlevi wa pombe ya ulezi. Kizito namna ile kinachelewa kupanda, na sindano inachelewa kuziba. Nilichokiona siku ile ndicho kilichokuwa kinammwagia mume wangu mafuta mguuni.

Nililia kidogo, halafu nikachukua tupa yako ndogo. Risasi niliipunguza taratibu, na kila mkwaruzo moyo unaniambia utatoboa. Kiboya kingine hakuna. Nikitoboa, pikipiki ndiyo basi. Nikiiacha nene, mume wangu... Sikuimaliza sentensi hiyo kichwani, na hapa siimalizi. Nikakirudisha kwenye maji ya moto, kimya. Kwenye kopo, kikaelea sawasawa. Nikafunga, nikafungua koki, nikakaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikanihama. Tone halikutoka.

Rangi sikutia. Nilimwita Baba Deo nikamweleza yote, ile siku, wale watu, na nilichokiona nikakimeza. Kisha akatoa pakiti ya sigara, akaiweka dirishani, akavaa koti na kuondoka.

Nikasimama barabarani kuusikiliza mlio. Nilisikiliza kama umebadilika, kama umekatika, mpaka ukaisha kabisa, na hata ulipoisha nikaendelea kusikiliza. Hapo nikakukumbuka mlangoni mwa karakana, mkono kiunoni, kichwa umekiinamisha, kila mtu uliyemtengenezea alipokuwa akiondoka. Tulikuwa tukisema mzee anajivunia kazi yake. Mimi mwenyewe nilikutania kwamba unasikiliza pikipiki kama kwaya ya Pasaka. Kumbe ulikuwa unaogopa. Miaka yote ile, kwa kila aliyepanda, na hukuwa na wa kumwambia, maana sote tulishakuambia kwamba wewe hukosei. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa skrubu.

Sasa jua limeinama na hajarudi. Najua Namanyere si karibu, na ng'ombe hawachanjwi kwa dakika moja. Najua pia nilivyoipunguza ile risasi, imebaki nyembamba, na njia ya huko ni mashimo matupu. Kila kinachonguruma barabarani kinaniinua kwenye kiti. Mpaka sasa yamekuwa malori tu.

Lala, Baba. Mungu akupe macho mapya huko uliko. Hofu yako niachie mimi, naona imeshanijua. Nakuahidi kwamba kazi yangu itakuwa wazi kwa yeyote atakayeitilia shaka, hata mbele za watu, na nikiona kosa la mtu ninayempenda nitalisema angali hai. Mume wangu akirudi, nitakuja kaburini kukuambia. Asiporudi, nitakuja vilevile, na siku hiyo usiniulize kitu.

Mwanao,
Yustina