Godoro Lisiloona Jua

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nyumba yangu ya bati nimeijenga mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu, na leo mama mkwe anasema nyumba hiyo inamkataa binti yake. Mimi ni Mugeta, nashona magodoro ya pamba hapa Nyamuswa, na mke wangu Wegesa kila alfajiri ni chafya, macho yanamwasha, kifua kinalia kama filimbi, lakini akienda kwao Kisorya, ambako analalaga mkekani, anapona, akirudi inaanza upya, na safari hii mama yake kakataa asirudi kabisa. Kabla hajaondoka nilimpima, nikamlaza mkekani chumbani humohumo juma zima, chafya zikapungua zaidi ya nusu, nikamrudisha kitandani, zikarudi zote. Godoro nimelikagua, kunguni hakuna. Wegesa aliwahi kusema, "Baba Nyangi, tulianike basi," nikakataa, maana godoro likionekana uani watu watasema kwa fundi kuna kikojozi, nani atanunua kwangu? Lina miaka sita. Ndani yake kuna nini kinachomchagua yeye na kuniacha mimi?

Baba Nyangi, pole, na heko kwa kupima badala ya kutafuta mchawi. Lakini nusu ya jibu ulikuwa nayo, ukaikataa kwa kuogopa midomo ya watu.

Humo mna utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula magamba ya ngozi tunayopukutisha usingizini. Having'ati. Shida ni kinyesi chao. Wegesa akikivuta puani, protini zake hulegeza chembe hai zilizopangana kama matofali kwenye njia ya hewa. Chembe hizo hupiga yowe, na askari wa mwili huja mbio kama kijiji kilichoibiwa ng'ombe. Njia inavimba, makamasi yanajaa. Mwili wako wewe humwona mgeni huyo anapita tu. Wa mkeo umeshamweka kwenye hesabu ya wezi.

Kifua kinacholia si cha kuchezea: apimwe pumu kituo cha afya. Pamba hiyo kuukuu itupe, jua hukausha utitiri lakini halifuti kinyesi. Shona jipya, livike kava nene lenye zipu, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na kukung'uta ni kazi yako, yeye akiwa mbali. Kisha nenda Kisorya ukamwambie mama mkwe kwamba nyumba haina kosa.

Na siku unalitoa godoro la zamani uani, jirani akiuliza kikojozi ni nani, mwambie ni wewe mwenyewe.