Maji ya Jumamosi Mchana

Alhamisi, 9 Machi

Casilda, mvivu wewe! Tangu Krismasi hujaligusa daftari hili. Sista Benita alihangaika kukufundisha herufi ukiwa na miaka sabini, ili uziache zioze? Haya, andika.

Baldomero wa kiwanda cha soseji, rais wa klabu yetu ya mpira, amesema redioni ana imani kamili na kocha. Kamili! Hapa kwetu rais akisema hivyo, kocha afungashe virago. Na kocha ni Saturio, mjukuu wangu niliyemlea kwa mikono hii. Jumapili tunacheza na Olmedilla. Tukifungwa, nje.

Amekuja kula dengu. Hakumaliza sahani! Nikamwambia: mjinga wangu, miaka kumi na saba umecheza beki madaraja ya chini, wamekuvunja pua kila mkoa, hukulia. Leo unamlilia muuza soseji? Akacheka kidogo. "Bibi, we acha tu."

Jumamosi, 11 Machi

Nimefanya jambo — hee!

Vijana wa Olmedilla ni wepesi, mpira wao chini, pasi pasi. Saturio enzi zake alipenda tope. Kwenye tope hakupitwa na mtu, na wachezaji wake wa sasa ni majitu kama yeye. Basi baada ya chakula cha mchana, mji mzima umelala, nikaenda kwa binamu yangu Evelio, mtunza uwanja. Mzee mwoga yule. Eti kocha hajaagiza. Nikamwambia kocha nimemfunga nepi mimi! Akafungua bomba. Tukakaa jukwaani saa mbili nzima tukitafuna mbegu za alizeti, maji yanaingia tu. Bata wangeogelea. Nimerudi nikicheka peke yangu njiani kama mwehu.

Jumapili, 12 Machi

Ole wangu.

Saturio kapita mchana, uso unang'aa. Sahani mbili! Anasema wiki nzima wamefanya mazoezi milango imefungwa. Majitu yake yote kayaweka benchi. Leo anaanzisha wale wadogo wenye mbio — mpira chini, pasi pasi. "Bibi, hawatatutambua!"

Nikaweka kijiko chini. Nikauliza, na uwanja ukiwa na maji? "Maji ya wapi, Bibi? Mvua haijanyesha tangu Februari." Akanibusu kichwani, huyo.

Sasa hivi jirani yangu Prudencia kaniita kutoka kibarazani kwake. Ametoka uwanjani. Kumechafuka! Saturio kashika kichwa. Baldomero anapiga kelele kwamba Evelio amehongwa na Olmedilla, afukuzwe leo leo. Na Evelio? Anatazama viatu vyake, anasema Prudencia.

Hajanitaja! Mzee mwoga yule!

Nimevaa koti. Na viatu vya mpira vya bustanini, maana kule ni bwawa. Mechi inaanza baada ya saa moja.

Casilda, ukirudi kwenye daftari hili, usianze na magoli. Anza na uso wa Saturio ulipomwambia kwamba ni wewe.