Uji wa Soya Wenye Mwenyewe

Mjukuu wangu Bosibori,

Huku Ekerenyo tu wazima. Babu yako anakusalimu, na yule mtamba wetu mwekundu amezaa ndama.

Umeniuliza kama soya itamuumiza mtoto tumbo. Isipoiva vizuri itamuumiza, na jambo hilo linanikasirisha mpaka leo.

Nilipokuwa msichana, bwana shamba wa serikali alitugawia mbegu ya soya, akasema tuipike kama maharagwe. Nyumba nzima tulihara. Aliporudi akasema wanawake wa huku hawajui kupika. Mama aliikaanga soya mpaka ikapasuka, akaisaga pamoja na wimbi, yaani ulezi, akatupikia uji. Mdogo wangu Moraa alikuwa amevimba miguu, hata kucheza hataki. Baada ya wiki kadhaa akawa anafukuza kuku. Bwana shamba akaonja ule uji, akauliza unavyopikwa, akaenda zake.

Siku ya soko alisimama mbele ya akina mama kufundisha uji “wake”. Mama akacheka. Bwana shamba akamfokea, “Wewe, acha kucheka, ujifunze.”

Basi ikaange vizuri na uji uchemke sana. Wakikuuliza ni nani aliyekufundisha, usiseme serikali. Sema ni Kerubo, mama ya nyanya yako.

Nyanya yako