Kitabu Chini ya Mguu wa Meza

Mshauri wangu mpendwa, niokoe mimi mzee niliyekalia dawati moja na mwandishi mkubwa wa vitabu, nikamchongea penseli yake ya kwanza, basi nisikufiche, mwandishi mwenyewe sijapata kumwona ila kwenye picha ya nyuma ya kitabu, na shule niliishia darasa la nne, lakini ndivyo nilivyomwambia mwalimu mkuu nikiwa nagonga misumari ofisini kwake, maana mimi ni seremala wa shule na mdomo wangu huwahi kuliko nyundo. Mama yule akaruka kitini, "Kumbe! Basi mwalike, Mzee, aje aongee na watoto wetu!" nami badala ya kumeza mate nikajibu, "Huyo? Nikimwita tu anakuja."

Nikaandika barua, mjukuu wangu wa darasa la sita akanisahihishia, na ili inoge nikatia kwamba watoto wote mia tatu wamekisoma kitabu chake cha punda aliyetoroka na wana maswali tele. Mshauri, amejibu! Anakuja Ijumaa ya tatu kuanzia leo, hataki maua wala hotuba, anataka maswali. Sasa kitabu hicho shule nzima ni kimoja, nacho kilidondoka kwenye kabati nililoletewa karakanani, nikakiweka chini ya mguu mfupi wa meza yangu ya kupigia randa, na kwa kuwa kilizidi unene nikang'oa kurasa kumi na mbili za mwisho, meza ikatulia, kurasa nikawashia moto wa kuchemshia gundi. Mjukuu ndiye atakayempokea mgeni. Kila siku ananiuliza, "Babu, kitabu kiko wapi nijiandae?" namwambia kiko kwa mwalimu, naye ameanza kunitazama kwa jicho nisilolijua, na jicho hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nijitie mgonjwa Ijumaa? Nina kikohozi kizuri sana.

*

Mzee Chumvi, hilo ndilo jina lako mpaka utakapojirekebisha. Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Seremala mzima, umezungukwa na vipande vya mbao, unakosa kabari mpaka uchane kitabu cha watoto! Kikohozi chako kiache hukohuko.

Hata hivyo barua uliandika, na mgeni anakuja. Usiiharibu neema hiyo. Leo hii kitoe kitabu, kifute vumbi, mpe mjukuu wako mkononi na umwambie yote, hata ya moto wa gundi. Yeye kwanza, kwa kuwa ndiye unayeogopa kumpoteza. Kisha nendeni wote wawili kwa mwalimu mkuu. Ombeni kitabu kisomwe kwa sauti kila siku baada ya mapumziko, mjukuu asome, wewe ukae nyuma ufunge mdomo. Mkifika ulipochana, simameni. Kila mtoto aseme anavyodhani mambo yaliishaje, na hayo ndiyo maswali ya Ijumaa. Mwandishi naye mwandikie mistari mitatu bila kunogesha: kitabu ni kimoja, kurasa kumi na mbili za mwisho hazipo, watoto wanamngoja aje nazo. Ukishasema kweli kwa hao watatu, nitakuita Fundi mbele ya wasomaji wote.

*

Mshauri, mwanangu, nimefanya. Mjukuu alininunia siku mbili, ya tatu akaniletea kitabu nikitie gamba jipya. Mwalimu mkuu alinifokea mpaka vioo nilivyovitia mwenyewe vikatetemeka, kisha akanikabidhi kengele ya kuwaitia watoto wakati wa kusoma.

Mwandishi alikuja na nakala ya kurasa zile kumi na mbili kwenye bahasha, akawasomea. Kumbe mwishoni punda anarudi, anamsamehe bwana wake palepale. Watoto wakampinga! Mjukuu wangu akasimama, akamwambia mwandishi, "Shikamoo, mama. Punda hawezi kusamehe upesi hivyo. Kwanza angenuna siku mbili." Ukumbi ukaangua kicheko. Mwandishi akatoa kalamu, akaliandika neno hilo, halafu akanigeukia mimi. Nikajifanya nakagua dari.

Kabari nimeshachonga, imechukua dakika tano. Sasa nataka langu, lile neno moja uliloniahidi. Liandike kwa herufi kubwa, maana siku hizi gazeti mjukuu hulisoma kabla yangu.