Aliinama Anibebe, Nikampita

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada. Nimempoteza rafiki yangu Lekishon Jumapili ya tarehe 17 Novemba mwaka huu wa 1996, saa kumi na dakika ishirini jioni, na usinipe pole ya msiba kwa sababu hajafa, yuko hapahapa Arusha, yeye anakaa Sokon I na mimi Daraja Mbili, ila hanisemeshi na mimi sijui nianzie wapi.

Mimi ni mpiga gitaa la solo, nina miaka thelathini na tisa, miguu yangu ilipooza kwa polio nikiwa na miaka minne huko kwetu Machame, na tangu nimepata akili sijamwomba mtu chakula. Nina karakana yangu ya kuchomelea, natengeneza mageti, vitanda vya chuma na baiskeli za magurudumu matatu kwa watu wenye miguu kama yangu, hizo baiskeli nimeshatoa arobaini na tatu na haijarudi hata moja imevunjika. Nakwambia haya ili usije ukaniandikia kama mtu wa kuhurumiwa.

Lekishon ni mpiga tumba. Tulikutana mwaka 1985 katika bendi ya kiwanda kimoja hapa mjini, enzi zile kiwanda kisicho na bendi si kiwanda, na jukwaa la pale lilikuwa na ngazi saba, siku ya kwanza nikafika chini ya zile ngazi nikasimamisha baiskeli yangu, watu wakawa wanatazamana, huyu kijana wa Kiarusha nisiyemjua hata jina akaja, akanigeuzia mgongo, akachuchumaa, akasema, "Panda, Fundi, wimbo hautungoji." Nikapanda. Mwaka 1993 kiwanda kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa na bendi ikafa, sisi watu watano tukaanzisha ya kwetu kwa vyombo vya kukodi, na kumbi za watu binafsi zikawa zinafunguliwa kila mtaa, kila ukumbi na ngazi zake na kila ukumbi mgongo ni uleule. Nimepiga hesabu: maonyesho matatu kwa wiki, kupanda na kushuka, wiki arobaini na nane kwa mwaka, miaka kumi na moja, ni mara elfu tatu mia moja sitini na nane. Hajaniangusha hata mara moja.

Na kuna jambo sijamwambia mtu, hata mke wangu Kandida. Lekishon akishaniketisha anashuka tena kufuata tumba zake, anazipandisha, anakaa, na wimbo wa kwanza mikono yake inatetemeka, mimi naisikia, tumba inachelewa, kidogo tu, anayesikia ni mimi niliye karibu yake. Basi kwa kuwa mimi ndiye ninayepanga nyimbo, siku zote tunaanza na wimbo wa taratibu, solo ndefu na tumba kwa mbali, mpaka mikono itulie. Wenzetu wanadhani ndio mtindo wa bendi.

Lakini nami nina donge langu, mshauri. Nikibebwa watu wanashangilia, wanapiga vigelegele, wanakuja kunibandika noti kwenye paji la uso kabla sijagusa uzi hata mmoja, halafu nikipiga, tena nikipiga kitu nilichokaa nacho wiki tatu, wanageukia bia zao. Mwezi wa Oktoba tajiri mmoja anayefungua ukumbi mpya upande wa Themi akatuchukua tufungue naye Jumamosi ya tarehe 14 Desemba, na matangazo ameshabandika mpaka kwenye nguzo za umeme, yanasema NJOO UMWONE MPIGA SOLO ANAYEBEBWA MGONGONI. Jina langu halimo. Jina la bendi limo, kwa herufi za kutafuta kwa miwani.

Hapo nikasema basi. Nikaamua kutengeneza mteremko wa chuma wa kupandia kwa magurudumu, nikaenda mwenyewe kupima lile jukwaa, urefu wake futi tatu, ngazi tano, na kwa kila futi moja ya kupanda nikatoa futi kumi na mbili za kwenda ili mikono yangu iweze bila kusukumwa na mtu, jumla futi thelathini na sita, nikazikunja kumi na nane kwa kumi na nane zikae sambamba na ukuta. Nimechomelea siku kumi na tisa, chuma kizuri, bati nene lisiloteleza. Nilimwambia Kandida peke yake, maana nilitaka bendi nzima ishtuke kwa furaha.

Jumapili hiyo ya mazoezi tukaja pale ukumbini, mteremko umeshafungwa kwa nati mahali pake, mimi niko kwenye kiti changu kidogo cha magurudumu. Lekishon aliponiona akaja kama kawaida yake mpaka chini ya ngazi, wala hakutazama ukutani kuna nini, akanigeuzia mgongo, akachuchumaa, mikono nyuma, ananingoja. Mimi nikampita. Nikapanda mteremko wangu mpaka juu, sikugeuka kwa sababu nilikuwa nahesabu misukumo, ishirini na sita, na nilipofika juu wenzangu wakapiga makofi, nami nikaona hayo ndiyo makofi ya kwanza ya haki niliyowahi kupata. Godbless wa gitaa la besi akasema, "Leki, na wewe umepunguzwa kazi."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Lekishon akainuka, akajikung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Ungeniambia nisiiname, Fundi." Akachukua tumba zake, moja kila bega, akatoka.

Tangu hapo hajaja mazoezini. Mke wake Nosim alimwambia Kandida sokoni kwamba kila Jumamosi saa kumi anapiga pasi shati la bendi, analitazama, halafu analitundika tena. Sasa tajiri wa ukumbi naye amekuja juu, anasema watu wamesoma tangazo na watadai walichoahidiwa, mteremko ufunguliwe uwekwe nje kwa siku hiyo moja, nibebwe. Wenzangu nao wanasema hivyohivyo, Fundi bebwa siku moja tu, Leki atarudi, ukumbi utajaa, ya mteremko yatakuja baadaye. Na mimi nawajibu kwamba baadaye ninayoijua mimi ina miaka kumi na moja. Lakini nikilala naona ule mgongo umeinama unaningoja.

Nikibebwa nampata rafiki yangu. Nisipobebwa ninabaki na futi thelathini na sita za chuma. Gazeti lenu linatoka Jumatano. Nataka jibu Jumatano ya tarehe 11, lisiwe la subira huvuta heri, subira ninayo ya kuwauzia. Nibebwe au nisibebwe?

Fundi, Daraja Mbili

SHANGAZI MARTA ANAJIBU

Marahaba, Fundi. Usibebwe.

Nimeanza na hilo usije ukasema shangazi anazunguka. Mteremko usifunguliwe hata nati moja. Godbless akipanda jukwaani hapigiwi vigelegele kwa kuwa amepanda, anangojwa apige, na wewe una haki ya kungojwa hivyohivyo. Tajiri wa ukumbi mwambie kwamba alichokodi ni gitaa. Abandue yale matangazo, aandike jina lako kwa herufi za mtu asiye na miwani. Akileta ubishi mwonyeshe kwamba spika zake na kreti zake za bia nazo zitapita hapo hapo bila mtu kuvunjika kiuno. Matajiri wa siku hizi wanaelewa lugha hiyo. Na hao wenzako wanaosema bebwa siku moja tu, waulize nani kati yao ameshawahi kubebwa mbele za watu akiwa na ndevu zake.

Hayo ni yako. Pole mwanangu, umekaa na donge hilo muda mrefu, na ulipolitoa umelitoa kwa kazi ya mikono yako. Nakupongeza.

Sasa nikuseme. Unajua kuhesabu, nami nikuhesabie kidogo. Siku kumi na tisa umechomelea, na katika siku hizo mmepiga maonyesho kama manane, kupanda na kushuka ni mara kumi na sita. Mara kumi na sita umekaa mgongoni kwa mtu, mdomo wako uko karibu na sikio lake kuliko ulivyo karibu na la mkeo, na hukumwambia. Ulitaka ashtuke kwa furaha! Wengine wangeweza kushtuka kwa furaha. Yeye alitakiwa kuwa wa kwanza kujua, hata kabla ya Kandida.

Na unakosea kudhani kwamba amekasirika kwa kukosa mzigo. Hakuna mtu anayelilia mzigo. Mtu akichuchumaa akakupa mgongo hakuoni, amekuamini kwamba upo. Alisikia magurudumu yanapita pembeni, akasikia makofi, akasikia watu wanamcheka, na katika vile vicheko alikijua cha kwako. Katika mji huu, ambao kila ukoo una mtu wake aliyepunguzwa kazi anayeamka asubuhi hana pa kwenda, ulicheka neno hilo. Hilo ndilo kosa lako, Fundi. Mteremko hauna kosa.

Kwa hiyo kubebwa siku ya Jumamosi hakutamrudisha. Atakubeba kwa heshima, atapiga tumba kwa heshima, na Jumapili shati litarudi msumarini. Mtu hatulizwi kwa kupewa kazi ya bandia.

Nenda kwake. Usimtume Kandida kwa Nosim, wanawake wameshafanya sehemu yao sokoni. Najua njia za Sokon I baada ya mvua za vuli, baiskeli yako itasumbuka. Sumbukeni wote wawili. Usichukue zawadi, wala usianze na zile elfu tatu mia moja na ngapi, atadhani unataka kumlipa. Anza hivi: nilicheka, na haikuwa haki, nisamehe. Kisha nyamaza. Akikutukana, sikiliza; Waarusha ninaowajua mimi hawamtukani mtu waliyekwisha kumtupa.

Akimaliza, mwambie ile habari ya wimbo wa kwanza. Umeniambia mimi ambaye hunijui, na wote wanaosoma gazeti hili, lakini mwenye mikono hajui. Kwa miaka kumi na moja anaamini kwamba pale jukwaani anayembeba mwenzake ni yeye tu. Mwambie pia kwamba Jumamosi, kwa mara ya kwanza tangu mjuane, atakaa kwenye tumba zake mikono ikiwa mizima, na umwombe achague yeye wimbo wa kufungulia, tumba itangulie, solo imfuate. Hiyo si hisani. Bendi inamhitaji, na wewe, kwa jinsi ulivyoandika, hujui kupiga bila kumsikia pembeni yako.

Halafu kuna hili. Gazeti linafika Sokon I kabla ya saa sita mchana na linapita mkono hadi mkono mpaka wafunge nalo maandazi. Lekishon asiyasome haya kabla hajayasikia kwako. Zima mashine, funga karakana, toka sasa hivi. Ukifika muulize kwa kinywa chako, si kwa barua: utapiga na mimi Jumamosi, au hutapiga? Atakachokujibu, ndiyo au hapana, nataka nikipate mezani kwangu Ijumaa saa nne asubuhi.